Kata ya Kwanza ya Maji

Hadithi tena? Mmekula ugali wangu, mmemaliza mlenda wangu, sasa mnataka na mate yangu. Haya. Wewe, toa kidole puani.

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na korongo lenye kiburi: masika linafurika, kiangazi mchanga mtupu. Watu wakasema, tujenge lambo, tuyafunge maji kwa tuta, vijiji vyote vinywe.

Desturi yao, tuta hukanyagwa na watu na ng'ombe mpaka mchi usizame. Sehemu ya katikati akapewa Chibago, mwenye ng'ombe wengi. Na mtoto wa aliyekanyaga katikati ndiye hunywa kata ya kwanza ya maji.

"Ng'ombe wangu watakonda," Chibago akanung'unika. Basi akaenda kwa zimwi lililokaa korongoni.

"Nitakukanyagia," zimwi likasema. "Lakini atakayekunywa kwanza ni wangu."

"Haya."

Haya, eti! Kama anauza kuku.

Usiku zimwi likakanyaga. Masika yakaja, korongo likashuka na maji. Lambo likajaa, tuta likashika.

"Chibago, mlete mwanao anywe!"

Chibago akamtazama mwanawe. Akamtazama Mbeleje, binti wa mjane Nyamwino. Akasema, "Anywe huyu yatima."

"Chibago, una moyo mweupe!" watu wakashangilia.

Mbeleje akainama na kata yake. Zimwi likaja chini kwa chini majini, likamvuta, likammeza. Watu waliona povu tu.

"Maskini, kazama," wakasema. "Lakini Chibago, una moyo mweupe, ulimpa heshima."

Chibago hakula. Maji ya lambo hakuyanywa.

Siku moja Nyamwino akamletea unga. "Baba, mwanangu hakuheshimiwa na mtu ila wewe. Una moyo mweupe."

Basi Chibago akashindwa kuficha. "Mama Mbeleje, hakuzama. Nilimtoa kwa zimwi, nimwokoe wangu."

Nyamwino akabeba unga wake. "Kamrudishe. Usinililie mimi."

Chibago akasimama juu ya tuta. "Zimwi, mtapike mtoto!"

"Nibaki na njaa?"

"Chukua ng'ombe."

"Sitaki."

"Chukua mbuzi."

"Sitaki."

"Nichukue mimi."

"Ehee! Sasa unasema."

Mbeleje akatoka amelowa, mzima, anamwita mama yake.

Hadithi yangu nimeitua hapo, anayeitaka aibebe. Kosa lako lilipe mwenyewe, usimsukume mbele mtoto wa mwenzako. Maana Chibago alilipa: aliingia mdomoni mwa zimwi kwa miguu yake, mchana kweupe, watu wote wanatazama, na hakuna aliyemwambia ana moyo mweupe.