Ngoma Isiyojua Adabu

Niwieni radhi mapema, wanangu, maana hadithi hii nitaiharibu. Kiboko anataka sauti nzito, na yangu leo imelala kooni. Digidigi anataka sauti nyembamba, na kila nikiijaribu mbwa wa jirani hubweka. Basi mkisikia sauti mbaya, jueni ni mimi. Mkisikia nzuri, jueni mmesinzia.

Haya. Hapo zamani, wanyama walipokuwa na majiko na milango na majirani wa kuazimana chumvi, palikuwa na nchi ya mfalme Tembo. Hakuwa mfalme mbaya. Alipenda raia wake, alipenda ngoma, na kando ya ikulu alijenga ghala kubwa la mtama, akatunga sheria: siku njaa itakapoingia nchini, ghala lifunguliwe, kila mtu apate.

Sheria nzuri. Ila hakuna aliyejua nani atamwambia mfalme kwamba njaa imeshaingia.

Kazi hiyo ikaangukia kwa Kiboko, waziri wa ghala. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa, mashamba yakabaki mavumbi. Kiboko akazunguka nyumba kwa nyumba, puu, puu, puu, akipiga hodi na kuuliza: humu mmekula?

Nanyi mnajua watu wanavyolijibu swali hilo mlangoni, tena kwa mgeni, tena mgeni mwenyewe waziri. Sungura alisema wameshiba mpaka wanalemewa. Nyani alitoka akichokoa meno yasiyokuwa na kitu tangu juzi.

Kwa Bi Kanga, mama wa vifaranga wengi na kilemba kilichonyooka, palikuwa na bakuli moja la uji. Alikuwa amemwekea kitindamimba wake, Kidawa, ambaye miguu yake ilianza kutetemeka akisimama.

"Karibu, mheshimiwa," alisema Bi Kanga. "Sisi tumeshakula, uji huo ni wa mgeni."

Kiboko akaunywa wote, akafuta mdomo, akashukuru vizuri sana. Kisha akarudi ikulu kumwarifu mfalme kwamba amezunguka nchi nzima na hakuiona njaa hata mahali pamoja. Kweli hakuiona. Aliiacha nyuma ya mlango wa Bi Kanga, akaondoka na uji wake tumboni.

Ghala likabaki limefungwa.

Sasa nije kwa Digidigi. Alikuwa mdogo, miguu kama njiti za kiberiti, pua haitulii. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na darasa lake lilipakana na ghala, ukuta mmoja. Aliona watoto waliokuwa wakifukuzana sasa wanakaa tu. Kwanza waliacha kukimbia, halafu wakaacha kuimba. Asubuhi moja Kidawa alisimama kumwamkia, miguu ikakunjika, akaketi polepole sakafuni.

"Nimeteleza, mwalimu," alisema.

Sakafu ilikuwa kavu.

Digidigi akambeba mpaka kwao, akamsihi mama yake aende kwa mfalme akaseme.

"Niseme nini, mwalimu?" Bi Kanga alijibu huku akikiweka sawa kilemba. "Nisimame barazani nitangaze kwamba wanangu hawajala? Kesho Kidawa akipita njiani, wenzake wamwite nani?"

"Basi nitakwenda mimi. Sitakutaja."

"Wala wanangu?"

"Wala wanao."

Njia nzima Digidigi alikuwa akiwaza. Akisema watu wana njaa, Kiboko atatumwa tena kuuliza, na watu watamjibu tena kwamba wameshiba. Kwa hiyo alipofika ikulu hakutaja njaa. Alimwambia mfalme kwamba nchini mwake kuna ngoma ambayo hajawahi kuisikia.

Masikio ya Tembo yakasimama, fwap. Ngoma gani hiyo isiyomfikia yeye?

Digidigi akaeleza kwamba ni ngoma yenye haya. Hulia kabla ya adhuhuri, pakiwa kimya, na ukiigonga kwa maswali hunyamaza. Mahali pazuri pa kuisikiliza ni ndani ya ghala, sikio ukutani.

Siku iliyofuata mfalme aliingia ghalani, Kiboko nyuma yake na funguo. Upande wa pili wa ukuta, Digidigi alitandika mikeka, akawalaza watoto, akawaambia wafumbe macho wapumzike. Kukawa kimya.

Ngru.

Ngru-ngru. Kwiiii. Ngrrrr-ti-ti. Moja ikaanzia kwenye kona, nyingine ikaijibu karibu na mlango, kisha zote zikachanganyika. Kiboko, aliyekuwa amekalia magunia, akaanza kugonga mguu chini. Akamnong'oneza mfalme kwamba ile ya *kwiii* bila shaka ni zumari. Mfalme alikuwa amefumba macho. Alisema ni ngoma nzuri, ila ina huzuni kidogo.

Digidigi akaingia taratibu.

"Mwalimu, huyu mpigaji ni fundi," alisema Kiboko. "Anapumzika saa ngapi?"

"Hapumziki, mheshimiwa. Anapiga mchana na usiku, wala hapewi kitu."

"Hapewi kitu?" Kiboko akamgeukia mfalme kwa uchungu wa kweli. "Mtukufu, hii ni aibu kwa wizara yangu. Huyu atunzwe. Anataka nini?"

"Uji tu. Bakuli kila asubuhi. Ila hayuko peke yake, ni kundi zima."

Mfalme akasema wapewe, kundi zima, kila asubuhi, na iwe amri. Kiboko mwenyewe ndiye aliyegonga muhuri, paa.

Kisha Tembo akataka kuwaona awashukuru. Juu ya ukuta palikuwa na tundu la hewa. Akanyoosha shingo, akachungulia. Hakuona ngoma. Aliona watoto wamelala kwenye mikeka, na kitumbo kimoja kidogo cha manyoya kikipanda na kushuka. Ngru.

Masikio yake yakashuka polepole.

"Kiboko," alisema, "hukuwauliza?"

"Niliwauliza, mtukufu. Nyumba zote. Walisema wameshiba."

"Walikuwa na adabu, mfalme," alisema Digidigi. "Midomo yao imefundishwa. Matumbo bado."

"Na huyu mdogo wa pembeni, ni mtoto wa nani?"

Digidigi alikumbuka ahadi yake. Akamtazama mfalme machoni.

"Ni wako, mfalme."

Kiboko akakohoa, akashauri kwamba basi wenye shida waje barazani mmoja mmoja wajieleze, wasije walioshiba wakala bure. Mfalme akamuuliza tu kama siku ile ya kuzunguka kuna mtu aliyempa chakula.

Kiboko akatazama magunia aliyoyakalia. Kisha, bila kuitwa, akainama akajitwika gunia la kwanza mgongoni, akatoka nalo, puu, puu, puu, mpaka jikoni kwa chekechea.

Sheria ikaandikwa upya. Mvua ikikosa, ghala linafunguka, haulizwi mtu. Kila mtoto anayekwenda shule anakuta uji, mtoto wa waziri na mtoto wa jirani yake, sufuria moja. Na msimu wa kupanda ukifika, kila shamba linapata mbegu kutoka ghala lilelile, ili mwaka mwingine watu wapike vya kwao.

Asubuhi ya kwanza Bi Kanga alileta wanawe wamepangwa foleni, wameoshwa nyuso.

"Hawa wamekula nyumbani," alimwambia mwalimu. "Lakini kwa kuwa ni amri ya mfalme, hatuwezi kuikaidi."

"Hatuwezi, Bi Kanga," alisema Digidigi, akamjazia Kidawa bakuli mpaka juu.

Siku ile kabla ya adhuhuri mfalme aliweka sikio ukutani. Ngoma haikulia. Alisikia watoto wanaimba, kila mmoja wimbo wake.

Funzo ni hili: mwenye ghala asimngoje mwenye njaa aje kujieleza, apike.

Haya, wanangu, jiko bado lina moto. Mmekula? Nyote? Hata wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako? Mnaitikia kwa kichwa, nyote mmeshiba.

Nitazameni mimi. Hadithi nimeisimulia mwenyewe, mpaka mwisho, na sikujifunza kitu. Sogezeni mabakuli.