Fisi, Mwangalizi wa Amani

Mwaka huo jua liliwaka mpaka Kobe akatamani kuvua gamba. Mabwawa yalikauka, likabaki moja tu, nalo Nyati na Mama Ngiri wakaligombania hadi maji yakawa tope. Wana wa Mama Ngiri wakalala ndimi nje.

Simba, ambaye hakupenda vita asivyovianzisha mwenyewe, akaitisha mkutano. Zikatolewa hotuba ndefu kuliko kiangazi. Mwishowe ikakubaliwa: Nyati anywe asubuhi, Ngiri wanywe jioni, na mapigano yakizuka tena, bwawa lifungwe kwa wote.

"Anatakiwa mwangalizi asiyependelea upande," alinguruma Simba.

"Mimi hapa, Mheshimiwa," alisema Fisi. "Nyati, ngiri, kwangu wote sawa."

Hakuna aliyelitilia shaka hilo. Fisi akaomba sharti moja dogo: kila mzoga akabidhiwe yeye, kama ushahidi.

Akaanza kazi kwa bidii. Asubuhi alikwenda kwa Nyati: "Bwana mkubwa, mimi simo, lakini Mama Ngiri anasema pembe zako ni kuni za kuchemshia uji." Jioni alikuwa kwa Mama Ngiri na maneno mengine. Kwa Simba alipeleka taarifa ile ile kila siku: "Hali ni tete, lakini tunaifuatilia kwa karibu."

Sungura akagundua kwamba mwangalizi ameacha kabisa kuwinda. Fisi asiyewinda, akawaza, ana karamu anayoingoja. Akamwendea Nyati.

"Leo jioni ujifiche nyuma ya kichuguu cha Mama Ngiri."

"Mimi? Nijifiche nyumbani kwa nguruwe?"

"Ukiona aibu, fumba macho. Ninachotaka ni masikio."

Jioni Fisi akafika, uso umejaa huruma. "Mama Ngiri, Nyati ameapa kuwakanyaga wanao kesho. Ningekuwa wewe, ningemwahi."

"Nimeapa lini?" kikauliza kichuguu.

Fisi akageuka, akakutana na pembe. "Bwana mkubwa! Nilikuwa tu... naifuatilia hali kwa karibu."

"Basi sogea karibu zaidi."

Nyati akamrusha hadi katikati ya tope la bwawa. Alipojikokota kutokea ng'ambo, Mama Ngiri alikuwa anamsubiri na meno yake. Ilikuwa mara ya kwanza pande hizo mbili kushirikiana, na mwangalizi hakuitolea taarifa.

Simba alipoelezwa, alisema yeye alimshuku Fisi tangu mwanzo, na akaomba asiulizwe ni nani aliyemteua. Wana wa Mama Ngiri hawakumsikia. Walikuwa wameinamia maji, wanakunywa.

Njia ya mwongo ni fupi.