Jicho Likiona, Mkono Hauachi

Paukwa!

Pakawa!

Nani yuko macho?

Sote!

Na anayesinzia?

Zimwi halilali!

Haya, sogeeni. Wewe Kidawa, mwachie mwenzio nywele zake. Sitarudia mara mbili.

Basi palikuwa na kijiji cha wachongaji. Lakini wenyeji wake walichonga vitu vya kazi tu: miko, vinu, mbuzi za kukunia nazi. Mwiko ukisonga ugali ukaiva, umetosha. Hakuna aliyeuliza kama mwiko una sura.

Siku moja akaja mgeni, jina lake Fundi Ngwali. Mrefu, msafi, sauti ya taratibu. Kichwani alifunga kilemba cheupe, na kilemba hicho hakukivua asubuhi wala jioni. Akawaambia, "Mimi nachonga watu."

Wanakijiji wakafurahi. Mimi nisingefurahi. Mtu kwao hakujulikani, hali chakula mbele ya wenzake, mbwa wakimwona wanaingia uvunguni, huyo ni wa kufurahiwa? Lakini hawakuniuliza, maana nilikuwa sijazaliwa.

Kijijini hapo aliishi binti mmoja yatima, Somoe, aliyelelewa na shangazi yake Asumini. Somoe hakuwa mbaya, wala hakuwa mzuri wa kusimamisha watu njiani. Kidevuni alikuwa na kovu dogo la mafuta ya moto. Wenzake wakiposwa, yeye aliitwa kupika pilau la harusi.

Ngwali akamkuta kisimani. Akasimama akamtazama, akamtazama, akamtazama. Kisha akasema, "Nimepita vijiji saba nikiutafuta uso huu."

Somoe akageuka nyuma aone ni nani anayeambiwa. Hakukuwa na mtu.

Basi posa ikaletwa siku ya tatu. Shangazi Asumini akaguna. "Mwanangu, mtu huyu namtilia shaka. Mama yake nani? Kwa nini hali na watu? Na hicho kilemba kinaficha nini?"

"Shangazi," Somoe akajibu, "wengine wote wananipita. Huyu ananiona."

Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi. Wakaoana, wakahamia nyumba ya mwisho wa kijiji, yenye chumba cha nyuma ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Asubuhi ya kwanza Ngwali akaweka gogo la mpingo uani, akachukua tezo na patasi. "Kaa. Tulia. Nitazame."

Somoe akakaa, akatulia, akamtazama. Jua likapanda, likashuka. Ngwali akaitazama kazi yake, akasema, "Bado." Akaipasua vipande, akaitia motoni.

"Kwani ilikuwa na nini?" Somoe akauliza. Machoni pake ilikuwa sanamu nzuri kuliko yeye mwenyewe.

"Kovu lako. Nimelichonga fupi."

"Si kitu, mume wangu. Kovu lenyewe hata mimi nimelisahau."

"Jicho langu likiona," Ngwali akasema, "mkono wangu hauachi."

Mara sita alichonga, mara sita alichoma, kwa ajili ya kovu lisilofika urefu wa punje ya mchele. Niwaambie ukweli, Somoe alipenda. Nani aliwahi kuhangaika hivyo kwa ajili yake? Mgongo ulimuuma, shingo ilimkakamaa, lakini akilala alitabasamu.

Gogo la saba likakubali kovu. Siku hiyo Ngwali akachonga na mdomo, akausugua kwa majani ya msasa mpaka ukang'aa. Jioni shangazi akaja na uji wa mtama, akasimulia jinsi jogoo wa jirani alivyomkimbiza mzee wa kijiji hadi chooni. Somoe akataka kucheka. Kicheko hakikuja. Akakitafuta kifuani, akakitafuta kooni, hakukiona.

"Unaumwa?" shangazi akauliza.

"Hapana. Nimechoka tu."

Shangazi akaitazama ile sanamu pale uani. Mdomo wake ulikuwa umeinuka pembeni, kama wa mtu anayejizuia kucheka. 

Asubuhi tena. "Kaa. Tulia. Nitazame." Siku hiyo Ngwali akachonga mikono. Jioni Somoe akaipua chungu cha maharage kinachochemka bila kitambaa, wala hakuhisi moto. Ngozi ya viganja ikavimba malengelenge. Shangazi akayaona, akauma midomo. "Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lako linakujua mno."

"Usimwite mume wangu zimwi," Somoe akasema. Lakini alisema polepole, kwa kuwa na yeye alikuwa ameanza kuwaza.

Asubuhi iliyofuata. "Kaa. Tulia. Nitazame." Ngwali akachonga miguu. Jioni Somoe akataka kumsindikiza shangazi yake hadi njia panda. Akafika kizingitini, miguu ikakataa. Akaivuta, akaisukuma, akaipiga kwa ngumi. Haikuvuka.

Hapo hofu ikamwingia, hofu ya kweli.

Ngwali alikuwa ameenda mtoni kunoa patasi. Shangazi Asumini hakungoja ruhusa. Akakata kamba ya kile chumba cha nyuma, akaingia. Ndani palisimama wanawake saba wa mpingo, mmoja kwa kila kijiji alichopita Ngwali. Akamgusa wa kwanza begani. Bega lilikuwa na joto, joto la mtu aliyetoka kutwanga.

Akatoka mbio. "Mwanangu, wako hai mle. Kwenye sanamu yako kimebaki nini?"

"Macho," Somoe akajibu. "Macho anachonga mwisho. Amesema kesho."

"Basi nikubebe mgongoni kabla hajarudi."

Akambeba. Walipofika kizingitini, Somoe akawa mzito kuliko kinu, wote wawili wakaanguka chini.

"Basi niichome hiyo sanamu."

"Kicheko changu kimo humo, shangazi. Mikono yangu imo, miguu yangu imo. Utanichoma mimi."

Shangazi akakaa chini akalia. Somoe hakulia. Alikuwa anafikiri. Alimjua mumewe kama anavyojulikana mtu aliyetazamwa mchana kutwa, siku nyingi, bila kupepesa. Maana anayekaa kuchongwa naye anatazama, ila hakuna anayemkumbuka kwa hilo.

"Iunge ile kamba, kisha nenda nyumbani," akamwambia. "Kesho uje jua likiwa utosini."

Asubuhi. Ngwali akatoka na patasi ndogo kuliko zote, nyembamba kama mwiba. "Kaa. Tulia. Nitazame."

Somoe akakaa. "Fundi, jicho unaanza wapi?"

"Katikati. Mboni kwanza, kope mwisho. Kila fundi anajua."

"Na ndani ya mboni yangu umeshaona mna nini?"

Ngwali akaishusha patasi. Alikuwa amechonga wanawake saba, na wote saba aliwachonga mboni tupu, kwa kuwa wote saba walipofika siku ya macho walikuwa wamefumba kwa woga. Hakuna aliyemkodolea macho.

"Mna nini?" akauliza.

"Sogea uone."

"Nimeshaona ya kutosha."

"Sawa," Somoe akasema. "Chonga kwa kubahatisha. Watu hawatajua. Utajua wewe tu."

Ngwali akasogea. Akainama, pua kwa pua, pumzi yake ikampiga Somoe usoni, na ilinuka nyama mbichi. Somoe akatamani kufumba macho. Hakufumba. Akayafumbua mpaka yakamtoka machozi.

Na ndani ya mboni Ngwali akamwona mtu mdogo. Hakuwa na kilemba. Lilikuwa zimwi, jino moja mbele limefika kifuani, na kisogoni mdomo wa pili unatafuna tafuna. Jicho la mwanadamu linaweza kudanganyika, wanangu, lakini mboni haifungi mtu kilemba.

Ngwali akarudi nyuma. "Huyo si mimi."

"Ni wewe. Hapa mbele yangu hakuna mwingine."

"Nitachonga mboni tupu."

"Chonga. Kwa kovu la punje ya mchele ulichoma magogo sita. Leo umeona zimwi zima, uliache nje?"

Alijua, hilo ndilo linalonishangaza mimi mpaka leo. Alijua kwamba alichokichonga sawasawa hutoka kwenye mwili kikaingia kwenye mti. Ndiyo kazi yake tangu vijiji saba. Angeweza kutupa patasi. Angeweza kuvuka kizingiti akaenda zake. Akaishika sanamu kichwa, akaanza.

Mboni ya kushoto. Akachonga jino, akachonga mdomo wa kisogoni. Mguu wa kushoto wa Ngwali ukakauka ukawa mti.

"Acha, Fundi," Somoe akasema. Na mimi naamini alisema kwa moyo wake.

"Bado," Ngwali akajibu.

Mboni ya kulia. Akachonga kucha moja moja. Tumbo likawa mti, kifua kikawa mti, shingo ikawa mti. Kikabaki kiganja kimoja na uso. Akapuliza unga wa mpingo, akaitazama kazi yake kwa muda mrefu, akasema neno ambalo Somoe hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Imetimia."

Patasi ikaanguka. Ngwali mzima akawa gogo, likasimama uani, limejikunja, limenyoosha mkono mtupu.

Basi shangazi Asumini akafika jua likiwa utosini. Akakuta chumba cha nyuma ki wazi na wale wanawake saba, waliorudi kuwa watu fundi alipogeuka mti, wamekaa barazani wanaomba maji ya kunywa. Akamkuta Somoe ameketi palepale, anapuliza malengelenge ya viganja vyake, maana sasa yalikuwa yanauma. Na machozi yanamtoka.

"Miguu?"

"Imerudi."

"Sasa unalia nini? Unalilia zimwi?"

"Shangazi, hakuna mwingine aliyewahi kunitazama namna ile."

Shangazi Asumini akamkalisha vizuri, akaanza kumfunga viganja kwa kitambaa. "Mwanangu," akasema, "chui naye humtazama mbuzi namna hiyo hiyo."

Hadithi yangu imeishia hapo. Tamu yake mle, chungu yake niachieni mimi niliyeishi zaidi. Na funzo lake ni hili: kutazamwa siyo kupendwa. Mtu akikukazia macho, nawe mkazie yako, umjue anataka kuchukua nini.