Mama Mkwe na Sambusa za Friza

Waumini wenzangu, najua mmenisikia. Sikujua kipaza sauti kimewashwa nilipomnong'oneza bwana katibu kama leo kuna sambusa. Nimefuturu misikitini kuanzia Lamu hadi Kigoma, na aibu zangu zote nimesafiri nazo. Basi, maadamu sambusa zimeshatajwa, tuanzie hapo hapo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyemwoza mwanawe wa pekee. Ramadhani ya kwanza, mkwewe, yule binti aliyeolewa, akaalika ukoo mzima kufuturu. Siku hiyo mashangazi wangeamua kama kijana wao ameoa au amepatikana.

Mama akawahi, akaenda moja kwa moja jikoni. Hakuna karai, hakuna dumu la mafuta. Binti anatoa sambusa kwenye friza, ngumu kama kokoto, anazipanga kwenye droo ya jiko la umeme, lile linalokaanga kwa hewa ya moto.

"Umezifunga mwenyewe hizi?"

"Mwenyewe, mama. Tangu Shaabani."

"Mmh. Na mafuta?"

"Nimezipaka kidogo tu."

Moyo wa mama haukutulia. Sambusa isiyonukia hadi kwa jirani, imeiva lini? Na mke asiyetaka kuchafua karai, anaficha nini?

Binti alipotoka kutandika mkeka, mama akavuta droo. Jiko likazima, joto lote likampiga usoni. Sambusa bado nyeupe. Akairudisha, akangoja kidogo, akavuta tena. Bado nyeupe. "Nilijua," akajisemea. Fungua, funga, mpaka adhana.

Mashangazi wakauma. Nje vuguvugu, ndani nyama baridi. Wakatazamana. Mama akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Mimi nimezikagua kila dakika. Nilimshuku mapema."

Na sisi je? Kijana ameacha ulevi juzi, leo akiingia msikitini tunamsogelea tumnuse mdomo. Mwenzetu katubu, tunapita kwake kila jioni kuchungulia kama ameshateleza. Nani ataiva kwa kufunuliwa hivyo? Halafu akirudi alikotoka, tunatembea vifua mbele: si tulisema? Joto tumelitoa sisi, na ushahidi tunautoa sisi.

Yule binti hakulia wala hakuapa. Aliweka sahani chini mbele ya mashangazi wote, akamtazama mkwewe.

"Mama, kila ukilifungua linazima. Leo umepika wewe."