Kibuyu cha Mihambo na Mbogo wa Kisimani

Kioo cha mbali, kipofu wa karibu. Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimtupia mumewe Ndaki maneno hayo, Ndaki akanuna, nanyi mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Lakini mikono isilale, karanga hizi hazijimenyi zenyewe. Methali hii haikushuka na mvua, wala haikuletwa na walimu. Ilianza hivi, hapa hapa Usangila, na aliyeisababisha ni babu yenu Mihambo, ambaye sasa hivi yuko kwenye mizinga yake ya nyuki na hawezi kunikatiza.

Enzi hizo kijiji chetu kilikuwa na bunduki moja tu, yenye leseni, ya kulinda watu na mashamba dhidi ya wanyama waharibifu. Aliishika Mzee Lufungulo kwa miaka mingi, mpaka macho yake yakaanza kuona mbuzi wawili palipo na mmoja. Ikabidi apatikane mtu mwingine. Na desturi yetu ilikuwa kumchagua mshika bunduki kwa kibuyu. Kibuyu kiliwekwa juu ya kichuguu, ng'ambo ya mbuga, hatua mia tatu, na kila anayetaka alipewa risasi moja. Atakayekivunja ndiye mshika bunduki. Kwa nini kibuyu, na kwa nini mia tatu? Msiniulize mimi. Wazee waliona kwamba anayepiga mbali ndiye fundi, na sote tukaitikia ndiyo bila kufikiri.

Kila mshindani aliruhusiwa kufunga kioo chake mwenyewe juu ya bunduki ile. Nikisema kioo, nasema ile darubini ya kulengea; wawindaji wa kwetu huiita hivyo. Babu yenu alitaka kuishika bunduki ile kuliko alivyotaka kula. Alikuwa kijana, amenioa mwaka mmoja tu, na alikuwa mbishi, Mungu anisamehe, sijapata kuona. Basi akauza baiskeli yetu ili anunue kioo. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa ikinibebea maji! Nilinuna wiki nzima. Hata hivyo tulikwenda naye Tabora mjini, kwa sababu nilitaka kukiona kwa macho yangu hicho kitu kilichokula baiskeli yangu.

Fundi bunduki aliitwa Songoro, mzee mpole mwenye kanzu nyeupe. Tulimwamkia, akatuitikia, akatandika kitambaa mezani na kuweka vioo vitatu.

"Kabla hujanunua," alimwambia Mihambo, "niambie utapiga nini, na kitakuwa umbali gani nawe."

"Kibuyu, fundi. Hatua mia tatu."

"Na baada ya kibuyu?"

"Baada ya kibuyu nitakuwa mshika bunduki wa kijiji."

Fundi Songoro akajikuna shingo. Alichukua kile kifupi. "Hiki huvuta kidogo, mpaka mara nne basi. Ni cha vichakani. Ukiweka jicho unamwona mnyama mzima, pamoja na kichaka chake." Akachukua cha pili. "Hiki huanzia mara tatu kikaishia tisa. Kitakufaa porini, na kwa mbali pia hakitakuaibisha." Cha tatu kilikuwa kirefu na kizito, babu yenu alikuwa ameshakikodolea macho tangu kilipotoka sandukuni. "Na hiki huanzia mara sita, kinakwenda mpaka ishirini na nne. Ni cha shabaha ya uwanjani. Lakini mwanangu, kadiri kinavyovuta ndivyo dirisha lake linavyokuwa finyu. Na jua likizama, ukikivuta sana kinakuletea giza."

Mihambo alikinyakua hicho kirefu, akatoka nacho mlangoni. Akatazama mnara wa kanisa kule mwisho wa barabara, akaanza kuhesabu njiwa, na huyu ana doa, na yule anajikuna. Furaha yake, wacheni tu!

"Sasa nitazame mimi," fundi akamwambia kutoka ndani ya duka.

Mihambo akageuka na kioo jichoni. "Naona ukungu mweupe tu."

"Ukungu huo ni kanzu yangu."

Mtu mwenye akili timamu angekiweka chini. Babu yenu alicheka, akasema, "Kibuyu hakivai kanzu, fundi," akakinunua. Fundi Songoro alinitazama mimi kama anayenipa pole.

Siku ya kibuyu watu walijaa pembeni mwa mbuga. Wanane walipiga kabla yake, wakatimua vumbi tu. Mihambo alilala chini, akavuta kioo chake mpaka mwisho, akatulia hata nikadhani amesinzia. Kisha mlio mmoja, na kibuyu kikawa vigae. Sitawadanganya: nilisahau baiskeli, nikapiga vigelegele mpaka koo likaniuma. Mzee Lufungulo alimkabidhi bunduki mbele ya watu wote, na kwa miezi mingi babu yenu akawa hana habari na kingine. Kutwa alikuwa mbugani akilenga mawe. Akirudi nyumbani anakifuta kioo kwa kitambaa laini, anakula, analala.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika mimba yangu ya kwanza. Mnacheka nini? Zamani mke hakuwa akitangaza; aliacha mume aone mwenyewe, na mume mwema aliona mapema. Nikangoja. Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne. Nguo zikaanza kunibana, mama mkwe akaona, jirani wakaona, hata mbuzi nadhani waliona. Mihambo wapi!

Ndipo kiangazi kikaingia, na mbogo dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, akaja kujificha kwenye matete ya kisima chetu cha bondeni. Mbogo wa namna hiyo ana hasira zisizo na sababu. Siku ya kwanza alimkimbiza mwanamke mmoja akaacha ndoo na khanga. Ikabidi twende kisima cha nyuma ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na mimi na tumbo langu la miezi mitano, bila baiskeli. Siku ya tatu nilihisi maumivu ya kiuno ambayo hayakunipendeza hata kidogo. Nikaogopa. Nilijua nikiendelea kubeba maji kutoka kule, mtoto huyu simpati.

Siku ya nne bwana nyama wa wilaya, yule afisa wa wanyamapori, akaleta ruhusa: mbogo apigwe. Saa tatu asubuhi Mihambo akashuka bondeni na bunduki, Mzee Lufungulo akiwa mbele kusoma nyayo. Sisi wanawake tulipanda jabali lililo juu ya kisima, na ndoo zetu, tukawa tunawaona vizuri chini.

Matete yakatikisika. Mbogo akatokea hatua kumi na tano mbele yao, kasimama ubavu, mweusi, mkubwa kama ghala. Mihambo akaweka jicho kwenye kioo. Tukangoja mlio. Kimya.

"Piga!" Mzee Lufungulo akanong'ona, na bonde lile lilivyo, kila neno lilitufikia.

"Naona giza, mzee."

"Giza gani saa tatu asubuhi?"

"Ni manyoya! Manyoya matupu! Sijui kama ni bega au tumbo."

"Punguza mvuto!"

"Nimepunguza mpaka mwisho. Bado ni manyoya! Nipige tu?"

"Usithubutu! Ukimjeruhi ataingia mateteni, na mwanamke wa kwanza atakayekuja na ndoo ndiye atakayelipa. Panda mti!"

Hapo ndipo nampa babu yenu heshima yake. Kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, na kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Angeweza kupiga kwa kubahatisha ili asichekwe. Hakupiga. Mbogo alipoinamisha pembe aje, wawili wale waliparamia mkuyu, mzee wa miaka sabini akiwa wa kwanza kufika juu, na mbogo akabaki chini akikanyaga kofia ya Mihambo.

Sikuweza kustahimili. Nilichukua ndoo yangu nikaipiga kwa jiwe, wenzangu nao wakapiga zao, tukapayuka kwa sauti zote tulizopewa na Mungu. Mbogo akashtuka, akazunguka, akatoka mbio kwenye matete mpaka mbugani. Alipofika mbali, hatua mia mbili na zaidi, akasimama na kugeuka kututazama. Mihambo aliegemeza bunduki kwenye panda ya mti. Mlio mmoja. Mbogo akapiga magoti, akalala, hakuinuka tena.

Mzee Lufungulo alishuka akitweta. "Leo mbogo amekuwa muungwana," alimwambia. "Amekwenda mwenyewe mpaka kwenye kioo chako. Wa kesho hatakuwa na adabu hiyo."

Yaliyofuata nayataja haraka. Mihambo alirudi Tabora akabadilishana na kile kioo cha kati, cha mara tatu hadi tisa, na fundi Songoro hakumcheka. Kwenye mkutano wa kijiji Mzee Lufungulo alisimama akasema kosa si la kijana, ni letu tuliomchagua kwa kibuyu. Tangu hapo mshika bunduki hupimwa mara mbili: kibuyu cha ng'ambo ya mbuga, na kibuyu kingine kilichofichwa kichakani, hatua kumi na tano. Wengi hukivunja cha kwanza wakakikosa cha pili.

Ila maneno yenyewe hayakuzaliwa mkutanoni. Yalizaliwa pale pale jabalini, kabla mbogo hajapoa. Mihambo alipanda mbio kuja kuniona kama nimeumia. Nilikuwa nimeketi, nalia na kucheka pamoja. Akanishika mikono aniinue, kisha akaniachia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama.

"Nyamizi," akasema, "hili tumbo?"

"Ni tumbo."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu."

"Mwezi wa tano! Na umekuwa ukibeba maji kutoka nyuma ya kilima? Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa na maneno mengi ya miezi mitano, ya baiskeli, ya kiuno, ya hofu. Lakini nilimwona machozi yakimlengalenga, hasira ikanitoka yote, nikamshika shavu.

"Mihambo, njiwa wa Tabora ulimwona anajikuna," nikamwambia. "Mimi nalala ubavuni kwako. Kioo cha mbali, kipofu wa karibu."