Koti Lililokwenda Mpirani

Mtu mmoja alikuwa na mke aliyependa mpira wa miguu. Yeye mwenyewe hakuupenda wala hakuuchukia. Jina lake lilikuwa Ambakisye, mwalimu wa hisabati katika chuo kidogo cha ualimu huko milimani, mahali penye ukungu na migomba, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali inapotaka. Mkewe aliitwa Tusekile, naye alifundisha shule ya msingi iliyo chini ya chuo. Binti yao wa pekee, Lugano, alikwisha kuolewa mbali. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa ya watu wawili na koti moja zuri. Koti lilikuwa la mume: la sufu, rangi ya kijivu, alilolinunua mwaka aliohitimu chuo kikuu. Lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

Chuo kilikuwa na timu. Ligi ya vyuo vya kanda ile ilikuwa na timu nane, kila moja ikicheza na wenzake nyumbani na ugenini, Jumamosi kumi na nne kwa mwaka. Baada ya hapo timu nne za juu ziliingia mtoano, ambamo anayefungwa hana Jumamosi nyingine. Siku za ligi watazamaji hawakuzidi thelathini, na wengi wao walikuwa walewale. Tusekile hakukosa hata mechi moja ya nyumbani.

Kila Jumamosi ya namna hiyo, vyombo vya mchana vikishaoshwa, alisimama mlangoni na kuuliza, "Baba Lugano, twende?"

Mumewe aliinua macho kutoka kwenye madaftari, akajibu kama mtu anayeeleza kanuni. "Mechi ya ligi haiamui kitu, Mama Lugano. Wakifungwa leo, Jumamosi ijayo watacheza tena. Wakiingia mtoano nitakuja, na nitakaa na wewe mwanzo mpaka mwisho."

"Haya," mkewe alisema. Kisha alilitoa koti la mumewe kwenye msumari, akaondoka nalo. Mumewe hakulinyima. Uwanja ule ulikuwa wazi, na upepo wake ulijulikana.

Mtu asidhani kwamba hakumpenda. Ilipokaribia saa kumi na mbili aliweka maji ya kuoga motoni, akachemsha chai, akakaa jikoni kumsubiri. Na hapo ndipo alipoupata mpira wake. Tusekile alimwaga maharage mezani, mekundu wachezaji wetu, ya njano wageni, akayapanga na kuyasukuma kwa kidole, huku akisimulia kwa sauti za watu wote. Alikuwa refa, alikuwa kocha, alikuwa mtu aliyempigia refa kelele, "Miwani umeisahau kwa mama mkwe?" Alikuwa Asukile, kipa, aliyefumba macho kuomba kabla ya kila kona, na safari moja akachelewa kusema amina. Alicheka mpaka akalazimika kuegemea meza. Meza ile ilikuwa na ufa upande wa kushoto, na harage likifika pale liliteleza na kutumbukia. "Unaona?" alisema. "Hata mezani beki wetu wa kushoto hasimami." Hivyo Ambakisye aliwafahamu wachezaji wote kumi na mmoja bila kuwahi kuwaona wakicheza. Masimulizi yote yaliishia kwa maneno yaleyale, "Ungekuwepo ungecheka," naye alijibu, "Nitacheka mtoano."

Jumapili moja, akijiandaa kwenda kanisani, alikuta mbegu za kishonanguo zimeng'ang'ania koti lake. Hazikuwa pindoni tu. Zilikuwa ndani, kwenye bitana.

"Mbona koti langu limejaa kishonanguo?"

"Lilikwenda mpirani," mkewe alisema, akacheka.

Ambakisye alikaa kitandani, akazing'oa moja moja. Mtu wa hisabati angepaswa kujiuliza mbegu zinafikaje ndani ya koti lililovaliwa. Hakujiuliza.

Mwaka wa kwanza timu ilimaliza ya sita. Mwaka wa pili ilikuwa ya tano, ikakosa mtoano kwa goli moja. Mwaka wa tatu ilianza kushinda, na chuo kizima kikaanza kutembea kwa kujidai. Ni mwaka huohuo ambao Tusekile alianza kuchelewa kurudi. Kutoka uwanjani mpaka nyumbani ni mwinuko wa dakika kumi, naye alitumia ishirini, kisha thelathini. Masimulizi yalifupika. Jumamosi ya mechi ya kumi na moja alitoa maharage matano tu. "Hao wengine unawajua," alisema. Mumewe, ambaye aliweza kuona kosa la desimali kwenye ubao akiwa dirishani, aliyaona maharage matano na akasema moyoni kwamba shule ina kazi nyingi mwaka huu.

Jumamosi ya kumi na nne mechi ilikuwa nyumbani. Timu ilihitaji sare tu ili ishike nafasi ya pili, na nafasi ya pili ilikuwa na maana yake: nusu fainali ingechezwa palepale chuoni. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa la bwalo. Tusekile alisimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida.

"Leo twende wote," alisema. Safari hii hakuuliza.

"Leo wanatafuta sare, Mama Lugano. Mechi ya kutafuta sare haina cha kuona. Mtoano huo umefika. Niache nimalize haya madaftari, nikija nije na roho nyeupe."

"Na koti? Niliache au nilichukue?"

"Lichukue," alisema bila kuinua kichwa. "Kuna baridi."

Alirudi giza likianza kuingia, amelowa. Sare ilipatikana, bila goli hata moja. Hakutoa maharage. Alijilaza kitandani na kikombe cha chai kifuani, akasema ilikuwa mechi mbaya kuliko zote alizowahi kuona, mpira ulikwama kwenye tope, na watazamaji walikuwa tisa. "Lakini mtoano unakuja kwetu," alisema. "Hutahitaji hata kupanda gari."

Ligi ilisimama wiki tano kupisha mitihani. Katika wiki ya pili Tusekile alipelekwa hospitali, na daktari alimwita mumewe pembeni. Alikuwa daktari wa maneno machache, na yale machache yalitosha. Katika ligi kuna ratiba ukutani, kila mtu anajua mechi ya mwisho ni ipi. Ndani ya nyumba hakuna ratiba hiyo, wala refa wa kupuliza filimbi na kutangaza kwamba Jumamosi za kurudiana zimekwisha. Ambakisye alitambua, amesimama kwenye korido ya hospitali, kwamba mtoano wake ulianza siku nyingi, na yeye alikuwa akisahihisha madaftari.

Tusekile alifariki siku ya Alhamisi. Walimzika nyumbani kwao, na timu nzima ikaja na jezi zake za chuo ikabeba mchanga wa kaburi.

Siku ya nusu fainali Ambakisye alilitoa koti kwenye msumari. Dada yake, aliyebaki kumpikia, alisimama na mwiko mkononi.

"Kaka, unakwenda mpirani? Watu watasemaje?"

"Nilimwahidi," alisema.

Alikuta uwanja ambao hakuutegemea. Mabasi yalikuwa yamepanda kutoka mjini, kulikuwa na ngoma na vuvuzela, na watu waliosimama safu tatu nyuma ya mabenchi yaliyotolewa bwaloni. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuwa amelifikiria njia nzima: hakujua mkewe alikuwa akikaa wapi. Kwa miaka mitatu alikuwa ameambiwa kila goli, na hakuwahi kuuliza hilo. Aliona aibu kumuuliza mtu. Akazunguka uwanja polepole, mikono mfukoni, akitazama watu kana kwamba mmoja wao angekuwa yeye.

Karibu na kibendera cha kona kulikuwa na ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili. Ulikuwa umejaa watu, isipokuwa katikati, ambapo palikuwa na nafasi ya watu wawili. Kijana wa mjini mwenye miwani ya jua aliiona nafasi hiyo, akaruka miguu ya watu, akakaa.

"We! Inuka hapo!" Aliyesema alikuwa Bi Sekela, mwanamke mnene anayeuza chai na mahindi ya kuchemsha pale uwanjani. "Hapo pana wenyewe."

"Wenyewe wako wapi, mama? Mpira umeanza, au wanasubiri kadi ya mwaliko?"

"Mmoja tumemzika. Wa pili hajawahi kuja."

Kijana alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akainuka. Bi Sekela aligeuka ili achukue chupa yake ya chai, na macho yake yakatua kwenye koti la kijivu. Aliliangalia kola mpaka pindo. Akaishika mikono ya koti kama mtu anayemsalimia ndugu, kisha ndipo akamtazama mtu aliyelivaa.

"Koti hili tunalijua, Mwalimu," alisema. "Miaka mitatu limekaa hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza limekuja na mtu."

Wakampisha. Wakamweleza bila kuulizwa. Tusekile hakuwahi kulivaa. Kila Jumamosi alilitandaza kando yake juu ya ubao, mgongo wake ukielekea chini na bitana juu, akaiweka mikono yake vizuri. Mtu akitaka kukaa aliambiwa, "Pana mtu, yuko njiani." Mwanzoni walimtania. Walilipa koti salamu za mchana, na timu ikifunga goli walilipiga begani. Baadaye wakazoea, wakaacha kuona ajabu, na mgeni akijaribu kukaa wao wenyewe walimfukuza. Ile siku ya sare na tope, Bi Sekela alimwambia, "Mama, jifunike hilo koti, utaugua." Tusekile alijibu kwamba koti lina mwenyewe, na mwavuli wake akauinamisha upande wa koti.

Ambakisye alikumbuka. Jumamosi ile mke alirudi amelowa, na koti lilirudi kavu. Alilitundika mwenyewe kwenye msumari, kwa mikono yake, na ukavu wake aliushika.

Alikaa mahali pake. Mahali pa mkewe paliachwa wazi, kushoto kwake, ingawa watu walikuwa wakisimama. Akautazama mpira kwa mara ya kwanza. Alimtambua Asukile kwa kuomba kwake, akamtambua beki wa kushoto kabla hajaguswa na mpira. Wachezaji aliokuwa akiwajua kama maharage walikuwa wakubwa, wanahema, wana matope magotini. Katika kipindi cha pili wageni walipenya upande wa kushoto, palepale penye ufa wa meza, wakafunga. Ambakisye aligeuka kumwambia mtu. Akabaki ameufungua mdomo hivyo, uso ukielekea kwenye ubao mtupu, mpaka Bi Sekela akamwekea pale kikombe cha chai, akaondoka bila kudai chochote.

Ilikwisha moja bila. Mtoano alioungoja miaka mitatu ulichukua dakika tisini. Watu wa mjini walianza kushuka kuelekea mabasi yao kabla ya filimbi ya mwisho. Waliobaki walikuwa wale thelathini, kwa sababu mabenchi ya bwalo yalipaswa kurudishwa ili wanafunzi wapate pa kukalia chakula cha jioni. Ambakisye alishika ncha moja ya benchi na mtu asiyemjua akashika nyingine. Wakiwa njiani mtu yule akamwambia habari za mechi moja ya mwaka juzi, mechi isiyoamua kitu, timu ya sita dhidi ya timu ya nane, jinsi mbwa alivyoingia uwanjani akakaa langoni na refa akashindwa kumtoa, na Mama Lugano akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ubao, akaangukia koti.

"Hiyo hakunisimulia," Ambakisye alisema.

"Ungekuwepo ungecheka," mtu yule alisema, wala hakujua amesema nini.

Ligi mpya ilianza Machi, kwa mvua na watazamaji kumi na mmoja. Kwenye ubao wa mkaratusi, karibu na kibendera cha kona, alikaa mtu mmoja asiye na koti, na kando yake lilikuwepo koti la kijivu chini ya mwavuli.

Na wewe unayesema mechi ya leo haiamui kitu: Jumamosi hii koti lako limebebwa na nani, na mwavuli wake ameuinamisha upande gani?