Shamba la Kiongozi Hupaliliwa Mwisho

Zamani, kabla hatujawa na chama cha kupaliliana hapa Upareni, kila mwanamke alipalilia peke yake. Waliwahi kushirikiana mara moja tu, kwa wito wa jumbe. Wakapalilia shamba lake msimu mzima, na mashamba yao wenyewe yakamezwa na magugu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi mjane mmoja, Nakijwa, alipopita nyumba kwa nyumba akisema, "Tupalilie pamoja, leo kwako, kesho kwangu," walimwitikia kwa midomo tu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwakusanya wenzake milimani huku, na hilo nalo lilizidisha mashaka. Namkunda, mama yake Senkondo, mwenye ulimi mkali, akawaonya, "Huyu ni jumbe aliyevaa kanga. Ngojeni mtaona."

Nakijwa akayasikia, akasema shamba lake liwe la mwisho.

Wakashuku zaidi. Nani hukataa kupaliliwa? Wakanong'onezana kwamba ana shamba jingine bondeni, na huko ndiko atakakowatumikisha. Hata hivyo walianza, na mashamba ya wenzake kumi na moja yakapaliliwa, mahindi yakastawi. Zamu ya Nakijwa ilipofika, badala ya kwenda na majembe, wakamtuma Namkunda akapeleleze kwanza. Alilizunguka bonde siku tisa asione kitu, na mvua zikakatika.

Siku ya kumi akaingia shambani kwa Nakijwa. Magugu yalimfika kifuani. Mahindi yalikuwa membamba, ya manjano, hayakubeba hata hindi moja. Nakijwa alikuwa ameinama anang'oa kwa mikono.

"Umeona, Mama Senkondo?"

"Nimeona."

"Basi kawaambie. Nikiwaambia mimi hawatasadiki."

Namkunda alirudi analia kwa haya. Mwaka ule watoto wa Nakijwa walikula mahindi ya vikapu vya wale wale waliomshuku mama yao. Vikapu hivyo vilimwia vichungu, lakini alivipokea, na msimu uliofuata akaomba tena kuwa wa mwisho.

Na tangu hapo, shamba la kiongozi wa chama chetu hupaliliwa mwisho, na zamu yake haicheleweshwi hata kwa siku moja. Wageni hudhani tumeacha kushuku. Thubutu. Mwenyekiti wetu wa sasa mimi simwamini hata chembe. Kesho ni zamu yake, na jembe langu nimeshalinoa.